Ufunguo wa Tangi la Programu

Jina lake alipewa na watu ambao hawajawahi kumwona uso. Mtaani yeye ni fundi wa mashine za fotokopi, na ukimtafuta utamkuta amepiga magoti mbele ya mashine ya ofisi fulani, mkono umezama ndani hadi kwenye kiwiko, anavuta kipande cha karatasi kilichokwama huku akiilaumu karatasi, mashine, na aliyeinunua. Vidole vyake vina weusi wa wino usiotoka kwa sabuni yoyote. Mkewe alishaacha kumnunulia mashati meupe. Lakini mtandaoni, kwa watu kumi na nne waliotawanyika huku na kule, yeye ni Bwana Hapana, na alipokuja kulijua jina hilo hakukasirika sana. Alisema kuna majina mabaya zaidi.

Kisa cha jina ni programu. Miaka kumi na miwili kabla ya mambo haya, mama yake, Bi Mkubwa, alikwenda hospitali kuangaliwa macho. Alifika alfajiri, akaketi kwenye benchi, akawa mtu wa sita. Saa nne alikuwa bado mtu wa sita, kwa sababu kila mlango ulipofunguliwa aliingia mtu mwenye suti, au mtu anayemjua mwenye suti. Saa nane mchana daktari akaondoka. Bi Mkubwa akarudi nyumbani, akakaa jikoni, akalia. Na si mtu wa kulia huyo. Mumewe alimzika macho makavu. Mwanawe alikwenda karakana, akapangusa vumbi kwenye kompyuta kuukuu iliyotelekezwa na mteja, akanunua kitabu cha kujifunza kuandika programu, na kwa miezi saba akawa anatukana kwa sauti ya chini. Alipomaliza alikuwa na kitu alichokiita Zamu.

Zamu haikuwa na maringo. Ukiingia unabonyeza, unapata karatasi yenye namba, unaketi. Skrini ukutani inaita moja, mbili, tatu, hadi watu waishe. Mwenye suti anapewa namba kama wewe. Anayemjua mwenye suti naye anapewa namba kama wewe, na akipenda anaweza kuitazama na kuhuzunika. Fundi wetu akaiweka mtandaoni bure, iwe programu huria: yeyote aichukue, aone ilivyoundwa ndani, aitengeneze anavyotaka, na akiwa muungwana arudishe matengenezo yake ili na wengine wafaidike. Watu wakaichukua. Zahanati zikaichukua, ofisi za vitambulisho zikaichukua, hata kinyozi mmoja mwenye viti vitatu aliandika ujumbe wa shukrani. Baadaye wakajitokeza wachangiaji, watu wa kujitolea wasiolipwa hata senti, kila mmoja na kazi yake ya kumpa ugali, wakitoa saa zao za mapumziko kwa ajili ya foleni za watu wasiowajua.

Kasheshe ilikuwa hapa. Matengenezo hayaingii kwenye nakala kuu, ile ambayo wote wanaichukua, mpaka mwenye ufunguo ayapokee. Na ufunguo ulikuwa mmoja, na ulikuwa kwake.

Mchangiaji mmoja aliomba mlio wa skrini upunguzwe ukali, kwa kuwa ulikuwa ukiwashtua wagonjwa wa presha. Hapana. Mwingine aliomba namba ziwe za kijani. Hapana. Wa tatu alileta dawa ya kosa la kweli kabisa, lililoifanya Zamu iruke kutoka tisini na tisa hadi mia moja na moja, na yule wa namba mia akabaki ameketi hadi jioni kama mzigo usio na mwenyewe. Akajibiwa hapana, kisha baada ya wiki mbili akaandikiwa, "Nimeliona, nimelirekebisha mwenyewe." Bwana Hapana hakuwa mtu mbaya. Ni kwamba kila aliyeigusa Zamu alimwona kama yule mwenye suti, anaunyemelea mlango.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Huko aliyeamua ni mkewe, fundi wa nguo aliyeigeuza sebule kuwa mahali pa kazi, na yeye Bwana Hapana alitaarifiwa. Siku moja alirudi akakuta kitanda kimegeuzwa kinatazama dirisha. Akalala upande mpya bila kuuliza. Pengine mtu anayelala anakoelekezwa anahitaji mahali pamoja pa kukataa. Sisi si waganga, tuyaache hayo.

Miongoni mwa wale kumi na nne kulikuwa na muuguzi wa zahanati, mwanamke wa maneno machache na makali, wote wakimwita Sista. Kuandika programu alijifunza wakati wa mapumziko ya chakula, kijiko mkono mmoja. Alitaka kitu kimoja tu: kitufe. Mgonjwa akija na hali mbaya, muuguzi akibonyeze, mgonjwa atangulie.

"Hapana," akajibiwa.

Mwaka uliofuata akaomba tena. Safari hii alijibiwa kwa sentensi nzima, jambo ambalo wenzake walilihesabu kuwa heshima kubwa. "Sista, ukifungua mlango wa nyuma, wa kwanza kuupita si mgonjwa. Ni shemeji wa mkurugenzi."

Mwaka wa tatu hapana. Mara ya nne Sista hakuomba. Aliandika hivi:

"Kaka, jana mtoto amepata degedege mbele ya skrini yako. Yeye namba sabini, skrini inaita thelathini na mbili. Unajua nilifanya nini? Nilichomoa waya ukutani ili aingie yeye. Ndivyo ninavyofanya siku zote. Nikichomoa, Zamu inasahau kila kitu, inaanza tena na moja, halafu watu sitini wananirukia kila mmoja anataka kuwa wa kwanza. Jana nimepigwa mwavuli. Sasa mimi na wenzangu wanane tumekubaliana. Tunachukua nakala yetu, tunakwenda zetu. Haki hiyo tunayo, uliiandika mwenyewe."

Kweli aliiandika mwenyewe. Ndiyo maana ya huria: asiyeridhika anachukua nakala anaanza safari yake, na hakuna askari wa kumshika. Bwana Hapana aliusoma ujumbe akiwa amekalia boksi la karatasi katika chumba cha fotokopi cha shule moja, na kwa mara ya kwanza akaogopa. Watu tisa kati ya kumi na nne! Wakiondoka hao, atabaki na watano ambao hata salamu hawaitikii.

Aliyewashika mashati ni karani mstaafu wa posta. Huyu mzee alikaa miaka thelathini nyuma ya kioo akiwaambia watu fomu zao zina kasoro, na alipostaafu akajiunga na Zamu kwa kuwa alizikosa foleni. Hakuandika programu hata mstari mmoja. Alisoma maelezo na kuonyesha palipokosewa. Wenzake walimwita Mzee Kifungu.

"Msiondoke bado," akaandika. "Tatizo letu si kitufe. Tatizo letu ni kwamba hatujui nani anaamua nini. Mradi huu hauna katiba. Bwana Hapana aandike katiba, Jumatatu tuione. Isipofaa, nitawasaidia kufunga virago."

Ilikuwa Ijumaa, tena wakati wa mitihani, wakati ambao kila mashine ya fotokopi ya kila shule huamua kufa kwa pamoja. Ijumaa alilala na wino puani. Jumamosi vilevile. Jumapili mchana akakaa mbele ya kompyuta, akaandika "Katiba," akapiga mstari chini yake, akautazama mstari. Ndipo akakumbuka kwamba katiba anayo.

Jengo walilokuwa wakiishi lilikuwa la ghorofa nne, lina chama cha wapangaji, na yeye ndiye katibu. Katiba ya chama hicho, vifungu thelathini vilivyopiganiwa ngazini kwa kelele, ilikuwa humohumo kwenye kompyuta yake. Akaifungua. Akaiamuru mashine: kila penye neno "jengo" weka "programu," kila penye "wapangaji" weka "wachangiaji." Kufumba na kufumbua ikawa tayari. Akasoma ukurasa wa kwanza, akauona mzuri, mambo ya kuheshimiana na mambo ya mikutano. Alipotaka kusoma wa pili mkewe akamwita.

"Baba watoto, hebu njoo unishikie ncha ya kitambaa."

Akatuma kama ilivyo, akaenda kushika ncha ya kitambaa. Haraka haraka haina baraka, hilo analijua kila mtoto, lakini Jumatatu nayo haina huruma.

Kifungu cha Tatu cha katiba hiyo kilisema pendekezo lolote litakaa siku saba, na asiyelipinga kwa sababu ya maandishi atahesabiwa amelikubali. Basi katiba yenyewe ikawekwa mezani siku saba. Wachangiaji walifurahi sana kuona ametuma kitu kisicho hapana, furaha ikawazuia kukisoma. Aliyesoma ni mmoja tu, Mzee Kifungu, mara mbili, kwa rula, na akanyamaza huku mabega yakimcheza. Kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Siku ya nane mshindo ukaja.

"Ndugu wachangiaji, hongereni, sasa tuna sheria," akaandika mzee. "Nawakumbusha Kifungu cha Tisa: ni marufuku kuanika nguo kwenye madirisha ya programu. Kifungu cha Kumi na Moja: haruhusiwi mchangiaji kufuga kuku ndani ya programu. Mwenye nao awatoe kabla ya Ijumaa."

Watu walicheka siku mbili. Mmoja alituma picha ya soksi zake zimening'inia juu ya kompyuta, akiomba msamaha wa kikatiba. Bwana Hapana alitamani ardhi ipasuke. Akaandika kwamba yalikuwa makosa, atatuma katiba nyingine iliyo safi.

"Haiwezekani," Mzee Kifungu akamjibu. "Imepita kwa kimya cha siku saba, kikiwemo kimya chako. Kuibadili kunataka theluthi mbili ya kura. Kifungu cha Thelathini."

Na hao ni watu wa programu, jamani. Watu wa kawaida wakisoma sheria wanatafuta ilikusudia nini. Mtu wa programu ameshafundishwa adabu na mashine: kilichoandikwa ndicho kitakachofanyika. Kifungu cha Kumi na Nne kilisema kila Jumamosi mchangiaji mmoja, kwa zamu, atapiga deki programu kuanzia juu hadi chini na kuondoa takataka zilizoachwa ngazini. Basi Jumamosi ya kwanza mmoja akajitwika, akaipitia Zamu kutoka mstari wa juu hadi wa chini, na kumbe takataka zilikuwamo kweli. Mistari mia nne haikuwa na kazi yoyote. Mmojawapo ulikuwa ukiisalimia kila asubuhi printa iliyokufa miaka tisa iliyopita. Akaizoa yote akaitupa, hakuna aliyekuwa na sababu ya kupinga, na Zamu ikawa nyepesi kama iliyonyolewa nywele. Kicheko kikapungua. Watu wakaanza kuisoma katiba kwa makini, na ndipo wakakifikia Kifungu cha Ishirini na Mbili.

"Ufunguo wa tangi la programu hautakaa kwa mtu mmoja zaidi ya miezi sita. Utazunguka mlango kwa mlango. Atakayekataa kuutoa ataandika sababu, na sababu hiyo itabandikwa wote waisome."

"Programu haina tangi," Bwana Hapana akaandika upesi.

"Tangi ni mahali wote wanapochota," akaandika Sista. "Sisi wote tunachota kwenye nakala kuu. Na ufunguo wake uko kwako mwaka wa kumi na mbili huu."

"Hapana."

"Sababu, tafadhali," akaandika Mzee Kifungu. "Una siku saba."

Siku sita alijifanya ana kazi nyingi. Ya saba ilikuwa Jumapili, mchana, mkewe yuko kwenye cherehani anashona sare za shule, sebule nzima ina vipande vya kitambaa cha bluu. Bwana Hapana aliketi mezani akaandika sababu yake, akafuta, akaandika, kisha akaona ni vema mtu aisikie kabla haijabandikwa.

"Mama watoto, sikiliza hii. 'Ufunguo uko salama kwangu. Tangi hili nalijua mimi tangu lilipojengwa. Mkianza kuuzungusha, kila mtu atafungua anavyotaka, na mwisho wa yote maji yatatuishia sote.' Unaionaje?"

Cherehani ikanyamaza.

"Hiyo umeandika au umenakili?"

"Nimeandika."

"Mbona ni maneno ya Mzee wa Chini?"

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Mzee wa Chini alikuwa mpangaji wa ghorofa ya chini aliyekaa na ufunguo wa tangi la maji la jengo miaka miwili mizima. Watu wa ghorofa za juu walikuwa wakipanda ngazi na ndoo vichwani, na yeye kila asubuhi analiosha gari, gari lenyewe halina injini. Wapangaji walipomdai ufunguo alijibu kwamba uko salama kwake, tangi analijua yeye, wakianza kuuzungusha maji yatakwisha. Siku hiyo fundi wetu alisimama kwenye ngazi na ndoo tupu mkononi, akatoa hotuba ambayo hata yeye hakujua alikuwa nayo tumboni. Kifungu cha Ishirini na Mbili alikiandika yeye, kwa mkono wake, papo hapo, karatasi ikiwa mgongoni kwa jirani. Ukatibu aliupata kwa hotuba ile.

"Unakumbuka ulisema nini siku ile?" mkewe akamuuliza.

"Nilisema mengi."

"Ulisema Mzee wa Chini si mwizi. Ulisema hata malaika, mpe ufunguo miaka miwili, ataanza kudhani maji ni yake. Watu wakapiga makofi. Nami nikajivuna, nikakugeuzia kola za mashati yako yote bila kuombwa."

Bwana Hapana akaitazama karatasi yake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na uchungu huu ulikuwa wa kweli, si wa kuchezea. Aliona aibu hadi masikio yakapata moto. Lakini chini ya aibu kulikuwa na hofu, na hofu hiyo hakuwahi kumwambia mtu.

"Naogopa," akasema. "Nikiutoa, watafungua mlango, na mwenye suti ataingia. Mama atarudi kukaa kwenye lile benchi. Nikimkumbuka siku ile jikoni, mama watoto, nashindwa hata kupumua."

Mkewe akamtazama, sindano mdomoni. Akaitoa.

"Basi si uwaambie hilo? Hiyo ndiyo sababu. Hayo mengine mrudishie Mzee wa Chini."

Akafuta yote. Akaandika habari ya Bi Mkubwa, benchi, mtu wa sita, suti, jikoni. Akamalizia: "Hii ndiyo sababu iliyonifanya nikatae kila kitu. Naona haitoshi kukaa na ufunguo. Chukueni." Mlango wa kwanza kwenye orodha ya waliojiunga ulikuwa wa Sista. Akamtumia ufunguo, kisha akaenda kushika ncha ya kitambaa kabla ya kuitwa.

Usiku huo alilala vibaya, na Jumatatu akawa anachungulia simu katikati ya kazi, akingoja kukiona kitufe. Hakukiona. Jumanne hakukiona. Sista alikuwa na ufunguo mkononi na hakuutumia. Alikiweka kitufe chake mezani kama pendekezo, kikae siku saba kama la mtu mwingine yeyote. Chini yake Bwana Hapana akaandika pingamizi lake la zamani, shemeji wa mkurugenzi, safari hii kwa mistari kumi na mfano.

"Kaka," Sista akamjibu, "habari ya mama nimeisoma. Miaka mitatu unaniambia hapana, hata siku moja hukuniambia mama. Haya. Shemeji asipite, na mtoto wa degedege apite. Tufanyeje?"

Swali hilo lilimganda. Mwenye ufunguo hahitaji kujua tufanyeje. Anahitaji kujua hapana tu, na hapana ni kazi nyepesi. Alikwenda nalo kazini siku tatu. Siku ya tatu yuko ofisi moja amepiga magoti kama kawaida, mashine imekwama, na nyuma yake foleni ya makarani inangoja bila kununa. Akajiuliza hawa mbona wametulia. Juu ya kioo cha mashine paliandikwa: karatasi imekwama, mlango wa pili. Basi hiyo tu. Katika miaka yote ya ufundi wake hakuwahi kuona mtu akiipiga teke mashine inayosema imekwama wapi. Zinazopigwa mateke ni zile zinazonyamaza.

Jioni akaandika pendekezo, lake la kwanza tangu aanze kuwa mtu wa kawaida. "Anayetangulia, skrini iseme. Namba gani, ana ugonjwa gani, na nani ameruhusu. Kwa herufi kubwa, wote waone. Shemeji wa mkurugenzi hapendi kuandikwa ukutani."

Jibu la Sista lilikuja kabla hajavua viatu.

"Hapana."

Alilisoma neno hilo mara tatu, kwa mshangao wa mtu aliyekutana na mbwa wake mwenyewe njiani akabwekewa. Chini yake Sista alikuwa ameendelea: "Huwezi kuandika ugonjwa wa mtu ukutani, una wazimu? Andika 'hali ya hatari,' inatosha. Lakini aliyeruhusu mwandike. Mimi sioni aibu kuandikwa." Akarekebisha. Mzee Kifungu akairudisha, haina nukta mwishoni. Akarekebisha. Mwingine akairudisha, herufi zinamwagika nje ya skrini ndogo. Ilirudishwa mara tano, na fundi wetu, ambaye mkewe alikuwa akimngoja alipuke, alianza kuonekana akitabasamu mezani peke yake. Kumbe hapana yenye sababu haiumi, inawasha tu. Siku ya saba hakuna aliyekuwa na neno. Sista akazungusha ufunguo, na kitufe kikaingia na maandishi yake.

Miezi ikapita. Macho ya Bi Mkubwa yakahitaji kuangaliwa tena, na mwanawe akampeleka kwenye kliniki ambako Zamu ilikuwa ukutani. Benchi limekuwa viti vya plastiki. Mama akapata namba thelathini na moja, akaikunja, akaifunga kwenye pembe ya khanga. Skrini ikaita ishirini na nane. Ikaita ishirini na tisa. Ikaita thelathini, na Bi Mkubwa akaanza kufungua fundo.

Hapo wakaingia watu wawili wamembeba mwanamke, kichwa kimelala pembeni. Kukatokea mbio za viatu. Kisha skrini ikalia, na haikuita thelathini na moja.

Bwana Hapana akaitazama sakafu. Miaka kumi na miwili ya kukataa, na mama yake amerukwa tena, mbele ya macho yake, na programu aliyoitengeneza kwa mikono yake, kwa kitufe alichosaidia kukiweka. Hakuthubutu kumtazama.

"Imeita ngapi?" mama akauliza. Kwa macho yake yale skrini ilikuwa ukungu mtupu.

"Hamsini na tatu, Mama."

"Na mimi thelathini na moja."

"Ndiyo, Mama."

"Pameandikwa nini pale? Naona kuna maandishi. Nisomee."

Akasoma. "Namba hamsini na tatu anatangulia. Hali ya hatari. Ameruhusu: muuguzi, dirisha la pili. Anayefuata: thelathini na moja."

Mwanawe akaanza kujieleza haraka haraka, kwamba si upendeleo, kwamba kuna kumbukumbu, kwamba akitaka anaweza kwenda dirisha la pili akauliza.

"Hebu nyamaza. Soma tena hapo mwisho."

"Anayefuata: thelathini na moja."

"Ndiye mimi."

"Ndiye wewe, Mama."

Akaikunjua ile karatasi, akaigusa namba kwa kidole ingawa hakuiona. "Unajua siku ile nililia," akasema. "Wewe ulidhani nalia kwa sababu wamenipita. Kupitwa si kitu, mwanangu, nimepitwa na watu wengi mimi. Nililia kwa sababu walikuwa wakinipita kama benchi, hakuna hata aliyenitazama. Wangeniambia hivi tu, ngoja kidogo, wewe ndiye unayefuata, nisingelia."

Bwana Hapana akayafuta macho kwa vidole vyake vya wino, akabaki na mistari miwili myeusi mashavuni hadi walipofika nyumbani.

Skrini ikalia, ikaita thelathini na moja. Bi Mkubwa akanyanyuka, akaiweka sawa khanga yake. Kabla ya kuingia akageuka akawauliza wote waliokaa kama yupo mwenye hali mbaya kuliko yeye, atangulie. Watu wakacheka, wakamjibu kwa pamoja: hapana.